Tazama kwanza, andika, ndipo useme: mambo niliyojifunza katika darasa la awali

Nafundisha darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali huku Kishapu, mkoani Shinyanga. Mimi ni mwanamume, na kwa sababu hiyo kila Januari wapo wazazi wanaosimama mlangoni wakinitazama kwanza kabla ya kuniachia mtoto. Nawaelewa. Anayemkabidhi mtoto wa miaka mitano kwa mtu asiyemfahamu ana haki ya kumkagua mtu huyo kadiri anavyotaka.

Naandika kwa ajili ya walimu vijana wanaotoka vyuoni, hasa wale wanaopangiwa awali bila kuomba. Najua mnavyoambiwa. Mnaambiwa ni darasa la kuimba na kugawa uji, ni mapumziko, ukimaliza hapo utapewa darasa la maana. Miaka yangu katika kazi hii imenionyesha kwamba darasa hili lina ujuzi wake kamili, na ujuzi huo unaanzia mahali ambapo wengi hatupafikirii: kumtazama mtoto mmoja, kuandika ulichokiona, na kuzuia ulimi usimpe jina mpaka hapo. Mambo mengine yote, nikiyachunguza, naona yametokea hapo.

Chuoni tulikuwa na mkufunzi mmoja aliyetusimamia wakati wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha mashuleni. Alikuwa akichukua daftari zetu za kumbukumbu na kukata kwa kalamu nyekundu maneno kama "mkorofi", "mvivu", "mzito", "mtundu". Anayakata bila maelezo, halafu anakurudishia. Mtu akimuuliza, anasema: hilo ulilifikiria, sasa niandikie ulichokiona. Kwa hiyo "leo alikuwa mkorofi" inageuka kuwa "saa tatu na dakika kumi, mwenzake alichukua kisoda chake chekundu, alimsukuma kwa mkono wa kulia, akachukua kisoda, akarudi kukaa". Linganisheni hizo mbili. Ya kwanza haikupi la kufanya zaidi ya kugomba. Ya pili inakuonyesha kwamba vilikuwepo visoda vyekundu vichache mno, kwamba mtoto alikuwa katikati ya kazi, na kwamba hajapata bado maneno ya kusema "nirudishie". Yote hayo ni kazi ya mwalimu kuyashughulikia, na mawili kati yake unaweza kuyamaliza siku hiyohiyo.

Sasa mtaniuliza, mtoto mmoja mmoja kwa darasa gani? Mtaala wa elimu ya awali unaweka uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 25. Elimumsingi bila malipo ilipoanza Januari 2016, walioandikishwa awali nchini walipanda kutoka takribani milioni 1.07 mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 1.5. Lilikuwa jambo jema kabisa, kwa sababu watoto waliokuwa wakibaki na ndama porini walikuja shule. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo, wala walimu. Mimi nimekuwa na darasa la watoto zaidi ya mia. Ukimpa kila mmoja wao dakika mbili za peke yake, muda wote wa siku ya awali umekwisha na hujafundisha.

Njia niliyoishika ni ya watoto watano kwa siku. Usiku naandika majina matano juu ya ukurasa, na kesho yake, katikati ya shughuli zote, hao watano ndio macho yangu yanawafuata zaidi. Naandika mistari miwili au mitatu kwa kila mmoja wakati wengine wako kwenye kona za ujifunzaji, zile pembe za darasa zenye zana za kuchezea na kujifunzia, au wanakunywa uji. Kwa mwezi, darasa zima limepita. Mwezi unaofuata naanza upya na wale niliowaandikia machache, kwa sababu ukurasa ulio mtupu nao unakwambia kuna mtoto usiyemwona. Mara nyingi ni mtoto mtulivu. Mtoto mtulivu katika darasa la watu mia anaweza kumaliza mwaka bila mwalimu kujua sauti yake.

Kuna kijana mmoja mdogo, simtaji jina na nimebadili mambo mawili matatu yasimtambulishe, ambaye kila mtu alisema hajui hesabu. Tulipoimba namba alifungua kinywa tu. Nilipompa visoda vitano katika mstari mmoja na vitano katika mstari wa pili, akasema viko sawa. Nikautandaza mstari mmoja ukawa mrefu, akasema huo sasa una vingi. Hapo naomba mwalimu mgeni asishtuke, maana karibu watoto wote wa umri huo wanasema hivyo. Mswisi Jean Piaget, aliyeishi kati ya 1896 na 1980, alilieleza jambo hilo miaka mingi iliyopita: kabla ya kufika miaka sita au saba hivi, jicho la mtoto linashinda hesabu, kirefu kinakuwa kingi. Kumchapa au kumcheka kwa hilo ni kumchapa kwa kuwa na miaka mitano.

Kilichonisaidia ni nilichokiandika siku nyingine, nje, baada ya mvua. Alikaa peke yake na udongo wa mfinyanzi akitengeneza ng'ombe. Aliwatengeneza kundi zima, kila mmoja na pembe zake. Mwenzake akapita, akachukua mmoja na kukimbia. Yule kijana hakuona wakati anachukuliwa, lakini alipogeuka alitupia jicho kundi lile mara moja tu na kusema yule mwenye pembe iliyopinda hayupo. Niliandika maneno yake kama yalivyo. Nyumbani kwao huwa anasaidiana na kaka zake kuchunga ndama, na huko hakuna anayehesabu kwa kuimba. Anamjua kila mmoja kwa sura, na asipomwona anajua amepotea.

Basi tukaanzia hapo. Nikampa vijiti, nikamwambia kila ng'ombe afungwe kwenye kigingi chake. Ng'ombe mmoja, kigingi kimoja. Alipobaki na ng'ombe wawili bila vigingi alinijia mwenyewe kuniomba viwili. Alisema "ibili", kwa Kisukuma, na alionyesha vidole viwili. Hiyo kuoanisha kimoja kwa kimoja ndiyo ngazi ya kwanza ya kuhesabu. Wimbo wa namba unakuja juu yake, na mtoto anayeimba hadi ishirini bila kuoanisha bado hajafika alipofika yule mchungaji mdogo. Mtaala wa 2016 uliweka umahiri sita kwa darasa la awali: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Someni tena hilo neno "kutumia". Pale kwenye udongo, yule kijana alikuwa akitumia.

Jambo la kuandika herufi ndilo linalonigombanisha na wazazi kila mwaka, na sitaki kulipita haraka. Mzazi anataka aone daftari limejaa. Anaona mtoto wa jirani aliyeko shule ya kulipia ana kurasa na kurasa za "a e i o u", na wa kwake analeta nyumbani mikono yenye udongo. Nilipokuwa mgeni nilikuwa nawajibu kwa kutaja mtaala. Mtaala haumtulizi mzazi. Siku hizi nawaeleza mkono. Mtoto anapozaliwa, ile mifupa minane midogo iliyo kwenye kifundo cha mkono bado ni gegedu. Inakomaa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi, na wa mwisho hukomaa mtoto akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Mtoto wa miaka minne anayeshikishwa kalamu na kulazimishwa mstari baada ya mstari anashika kwa ngumi, anakandamiza mpaka karatasi inatoboka, anachoka, na anaanza kuichukia kazi ambayo miaka miwili baadaye ingemjia kwa urahisi zaidi. Kwanza vidole vipate nguvu: kufinyanga, kuchana karatasi, kutunga shanga kwenye uzi, kupukuchua mahindi, kuchambua pamba. Kisha kuchora chochote, mistari na miduara, mchangani na ubaoni. Herufi zinakuja zikikuta mkono uko tayari.

Katika kikao kimoja bibi mmoja aliinuka akaniuliza, "Mwalimu, kama ni kupukuchua mahindi, nyumbani wanapukuchua. Wamekuja huku kufanya nini?" Watu walicheka, lakini lilikuwa swali zito na alistahili jibu. Nilimwambia, bibi, nyumbani anapukuchua ili debe lijae. Huku anapukuchua punje kumi, anaziweka tano huku na tano huku, ananiambia upande upi una nyingi, anamgawia mwenzake, anaomba kwa Kiswahili na kushukuru kwa Kiswahili, na mimi nimekaa pembeni naandika ni kidole gani kinamsumbua. Kisha nikafungua daftari nikamsomea mistari ya mjukuu wake, yeye peke yake, baada ya kikao. Aliniomba nirudie. Toka siku hiyo amekuwa akiniletea magunzi kwa ajili ya kona ya hesabu.

Sikuzaliwa Usukumani, na Kisukuma changu hadi leo ni cha salamu na maneno ya watoto. Lugha ya kufundishia awali katika shule za serikali ni Kiswahili, lakini watoto wangu wengi wanafika wakiwa na Kiswahili kidogo mno. Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya mwalimu jamii. Programu ya EQUIP-Tanzania, ya kuinua ubora wa elimu, ilipoleta mpango wa utayari wa kuanza shule katika mikoa kadhaa, Shinyanga ukiwa mmojawapo, ilitumia watu wa kijijini waliopewa mafunzo mafupi kuwaongoza watoto kwa hadithi na michezo. Hata nje ya mpango ule, wazo hilo lilibaki. Ninayefanya naye kazi ni mama wa makamo aliyeishia darasa la saba. Mimi namwita mayu, kama watoto wanavyowaita mama zao, na yeye ananiita mwalimu. Asubuhi yeye ndiye anayesimama mlangoni. Mtoto analia, anasikia "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwa sauti inayofanana na ya nyumbani kwao, na bega linashuka.

Mwalimu mwenye cheti anaweza kumwona mtu kama huyo kuwa msaidizi wa kufagia. Ni hasara kubwa. Kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki upo ushahidi wa muda mrefu: katika miaka ya 1980 huko Mombasa, mwalimu Bi Swafiya Said alianza kazi iliyokuja kuwa mpango wa shule za awali za madrasa chini ya Aga Khan, ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Walioshika madarasa yale walikuwa wanawake wa mitaa ileile, wengine wakiwa na elimu ya kawaida tu. Walifundishwa, wakatembelewa darasani mara kwa mara, wakatengeneza zana kwa vifuu, kamba na vitambaa. Kutembelewa mara kwa mara ndiko ninakokusisitiza. Semina ya siku tano bila mtu wa kuja kukuona darasani inayeyuka kabla ya muhula kwisha.

Mayu ndiye aliyenifumbua macho kuhusu msichana mmoja ambaye ukurasa wake ulikuwa mtupu. Darasani hakusema neno. Nilikuwa nimeandika tu "amekaa, anatazama dirishani". Mayu akaniambia, njoo utazame chini ya mti saa ya mchezo. Nikaenda, nikakaa mbali kidogo na daftari langu. Msichana yule alikuwa amepanga mawe matatu kama mafiga, amewapa wenzake wanne kazi, mmoja aende kisimani, mmoja awe mgonjwa, mmoja amlee mtoto, na yeye anaongea bila kukoma, kwa Kisukuma, huku mayu akinitafsiria sikioni. Akampima mgonjwa homa, akamwambia asile mpaka amalize dawa. Niliandika ukurasa mzima. Kesho yake kona ya nyumbani niliihamishia mbele, karibu nami, na hadithi ya asubuhi ikawa ya mgonjwa na dawa, mayu akiisema kwa Kisukuma kwanza na mimi nikiirudia kwa Kiswahili. Alichelewa, lakini alisema. Neno lake la kwanza la Kiswahili mbele ya darasa lilikuwa "dawa".

Nina mfano mwingine mfupi. Mtoto mmoja aliitwa mjeuri kwa sababu akiitwa hageuki. Kumbukumbu zake zilionyesha anageuka akiitwa kutoka kulia, hageuki akiitwa kutoka kushoto wala kutoka nyuma. Mama yake alisema sikio la kushoto limekuwa likitoa usaha tangu mvua za mwaka uliopita. Walikwenda zahanati, akatibiwa, na sisi tukamhamishia mahali ambapo sikio zima linanielekea. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba fimbo ilikuwa karibu sana na mtoto yule kabla ya daftari kusomwa.

Na kuhusu fimbo: kanuni za nchi zilizotolewa mwaka 2002 zinaweka adhabu ya viboko mikononi mwa mwalimu mkuu, au anayemteua kwa maandishi, na visizidi vinne. Mwalimu wa awali anayetembea na fimbo darasani siku nzima hana kanuni yoyote nyuma yake. Mimi nilishaamua isiingie kabisa, hata ya kuonyeshea ubaoni. Naonyesha kwa kidole.

Uji nao una somo lake. Kwa kipindi fulani tulikuwa na vilio na kusukumana karibu kila siku, na walimu wa jirani walidhani ni mbinu zangu za kuongoza darasa. Niliporudi kwenye daftari nikaangalia saa tu, nikapuuza majina. Karibu matukio yote yalikuwa kati ya saa tatu na saa nne. Uji ulikuwa ukitolewa saa nne. Watoto wangu wengi wanatoka nyumbani alfajiri wakiwa na vipande vya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mfukoni, wanavitafuna njiani, na kufika saa tatu tumbo tupu. Nilipeleka kurasa hizo kwa mwalimu mkuu na kwa kamati ya shule. Mama anayepika akakubali kuwasha moto mapema, uji wa awali ukatangulia ule wa madarasa mengine, na kile kipindi cha vilio kikapungua sana. Ningepeleka malalamiko tu, nadhani ningeambiwa watoto wadogo ndivyo walivyo.

Sasa nizungumzie yale yanayohusu usalama na heshima ya mtoto, ambayo kwa mwalimu mwanamume nimelazimika kuyapanga mapema na kuyaeleza hadharani. Mimi simpeleki mtoto chooni peke yangu. Mayu anakwenda, au tunakwenda wote wawili, na mlango wa nje unabaki wazi. Mtoto akijichafua, anasafishwa na mayu pembeni, mimi nikiwa mahali ninapoonekana na darasa, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kumcheka. Nguo za akiba tunazo kwenye boksi, zimetolewa na wazazi. Mikono inanawishwa kwenye kibuyu chirizi kabla ya kurudi. Haya nimeyaeleza katika kikao cha kwanza cha kila mwaka, mbele ya baba na mama wote, na naamini ndiyo yaliyowatoa wazazi mashaka kuliko tabasamu langu lolote. Nawaomba walimu wanawake nao wayafuate. Kanuni inayomlinda mtoto haichagui jinsia ya mwalimu.

Picha ni tatizo jipya. Simu zimejaa, makundi ya WhatsApp yamejaa, na mtu anampiga picha mtoto mwenye kamasi na kaptula iliyochanika, anaituma na maneno ya huruma. Mtoto huyo atakua. Tangu Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayofanya kazi, na taarifa za watoto ni kati ya zile zinazohitaji uangalifu wa pekee. Mgeni akifika darasani kwangu na kamera, swali langu la kwanza ni nani amewaomba wazazi ruhusa. Baadhi wameudhika. Waudhike.

Siri ya mtoto inajaribiwa zaidi mnadani kuliko shuleni. Mtu anakusimamisha kwenye mnada, mnasalimiana vizuri, kisha anateremsha sauti: yule mtoto wa fulani, bado anajikojolea? Baba yake kweli amerudi? Ninamwambia anaendelea vizuri, na mzazi wake akitaka kukueleza atakueleza. Kwa heshima, bila kumwonyesha kwamba amekosea. Ofisi ya walimu nayo ni mahali pa kujichunga, maana sote ni binadamu na stori za watoto ni tamu. Daftari langu linalala kwenye kabati lenye kufuli.

Kuna siku unaona alama mwilini mwa mtoto, au anasema neno ambalo mtoto wa miaka mitano hakupaswa kulijua. Hapo kuandika kunakuwa wajibu wa kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Naandika tarehe, saa, nilichokiona na mahali kilipo, na maneno ya mtoto jinsi alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasemea. Simhoji, simwambii arudie mbele ya watu, simwahidi kwamba nitanyamaza. Namwambia amefanya vema kuniambia. Kisha mwalimu mkuu, afisa ustawi wa jamii, na dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya simu ya mtoto inapigwa bure, na nimeibandika ukutani kwa urefu wa macho ya watu wazima. Ndugu zangu, shinikizo la kumaliza jambo kifamilia ni kubwa sana vijijini. Wazee unaowaheshimu watakuja kukuomba. Ukiwa na karatasi uliyoandika siku ileile, huna haja ya kubishana na mzee, unamwambia taarifa imeshakwenda.

Desemba mwaka wa shule unapoisha, nakaa na mwalimu wa darasa la kwanza. Zamani watoto walivuka na jina na umri tu, na yule mwalimu alianza kuwabahatisha upya, huku kila anayechelewa akiambiwa alilelewa vibaya awali. Sasa kila mtoto anavuka na nusu ukurasa: anachokiweza, anachokipenda, kinachomtisha, sikio au jicho lenye shida, nani anamleta shuleni. Hakuna alama wala nafasi darasani, na hakuna neno hata moja ambalo yule mkufunzi wangu angelikata. Mitaala mipya ilipoanza kutumika Januari 2024 tulibadili vitabu na mpangilio, lakini nusu ukurasa ule haukubadilika.

Kinachoniumiza ni kuona mwalimu aliyesomea awali anahamishiwa darasa la tano kwa sababu kuna upungufu, na awali inaachiwa yeyote aliye na kipindi tupu. Taifa lilizindua Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwezi Desemba 2021, ikimtazama mtoto tangu mimba hadi miaka minane, na iligusa afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na ujifunzaji kwa pamoja. Mpango wa namna hiyo unafika kijijini kupitia mtu mmoja aliyesimama mlangoni asubuhi. Maafisa elimu kata na wilaya wanaosoma haya, naomba mtuachie mwalimu wa awali kwenye darasa la awali, na mkija kumkagua, mkitoka kwenye andalio la somo muombeni pia daftari la watoto, mkae naye msome kurasa mbili. Na mayu alipwe. Kamati yetu inamchangia mahindi na fedha kidogo wakati wa mavuno ya pamba, na miezi mingine anakuja kwa moyo wake tu.

Kwa mwaka huu mwalimu wa darasa la kwanza ameniomba kwenye ule nusu ukurasa tuongeze mstari mmoja: mtoto anaongea lugha gani akiwa amekasirika. Tumeuongeza, na mayu ndiye anayeujaza.